Taa Haikimbii

Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Machi, Mzee Cephas Obare alikuwa hajatamka neno. Kila asubuhi bintiye Lorine alimleta kwenye saiba yake, duka la huduma za kompyuta, pale Rangwe, mbali na ziwa, akamketisha kwenye kiti chenye mto, kisha akaanza kuwahudumia wateja. Austine, kaka yake, alikuwa ameshaamua: Jumapili angemrudisha mzee nyumbani kwao, kisiwani Rusinga. Mzee alishaondoka, alisema kwenye simu, Lorine amebaki kulinda kiti. Lorine alitaka tu kujua kama baba bado yumo.

Ujanani, mzee alisomea ufundi wa redio, na chuoni akakutana na kompyuta yenye prosesa ya kizamani, ile ya kuandikiwa maagizo moja moja. Aliwasimulia wanawe habari zake kama wengine wanavyosimulia habari za mchumba wa kwanza. Kwa hiyo Lorine alipopata skrinseva inayoiga prosesa hiyo hiyo, aliiweka kwenye kompyuta iliyo mbele ya baba. Mashine ikiachwa bila kuguswa, miraba midogo ya rangi iliwaka upande mmoja wa kioo, na upande wa pili maagizo yakaonekana mstari kwa mstari.

Mwanzo ulikuwa mbovu. Marion, muuza nyanya aliyekuwa akiitumia kompyuta hiyo, aliinama kutafuta kitambulisho kikapuni. Alipoinuka alikuta kioo kimejaa vimulimuli, akaapa kwamba hajagusa kitu. Lorine akaongeza muda wa kungoja. Kisha akaona picha zinabadilika upesi mno na baba anafumba macho, akaongeza muda wa kila picha. Macho yakabaki wazi, basi.

Ndipo akaandika programu yake mwenyewe, kwa maagizo ya prosesa ile, ionekane hapo kiooni. Alikosea, akafuta, akaanza upya, mpaka zikawaka taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani wanaovutwa kwa mwanga usiku: miraba ya njano juu ya ziwa jeusi. Ili zipendeze, alizifanya zikimbie huku na huku, na omena, vitone vyeupe, vizifuate bila kuzifikia.

Ijumaa alasiri baba aliziangalia kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukanyanyuka na kugusa mstari mmoja wa maagizo.

"Taa haikimbii," alisema, kwa sauti iliyokwaruza. "Ni omena inakuja."

Lorine alishika meza. "Baba, umesemaje?"

Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mgeni asiyejua kula samaki.

"Nyathina, mwanangu, wewe ni mtu wa Rangwe. Taa inakaa."

Lorine akaufuta mstari ule. Taa zikatulia, vitone vikaanza kuzisogelea polepole. Akampigia Austine simu, akaiweka sikioni mwa baba, akasogea kando.

Marion aliporudi kwa shughuli yake, alielekea kompyuta ile ile.

"Hapo pana mtu, mama," Lorine alimwambia, akamvutia kiti kwenye nyingine.