Maneno Sita ya Mama Furaha

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, nilikuwa nabadilisha betri ya kompyuta ya hospitali. Ilikuwa hospitali ndogo mashariki mwa Kongo. Mimi, fundi kutoka Tunduma, nilitunza orodha ya wagonjwa: waliotibiwa majeraha ya risasi na vijiji walikojificha, waliokufa na namba za makaburi yao.

Orodha ilikuwa kwenye diski ya kuchomeka, imesimbwa. Bila ufunguo, majina yalionekana kama herufi zilizomwagwa ovyo. Ufunguo ulikuwa maneno kumi na mawili. Sita niliyajua mimi. Sita aliyajua Mama Furaha, muuguzi mkuu. Utaratibu huo niliuiga kanisani kwetu Iyula, ambako sanduku la sadaka lina makufuli mawili, moja la mzee wa kanisa, jingine la mtunza hazina.

“Fundi, na nikikufa?” aliniuliza tulipoanza.

“Usife, mama.”

“Basi munipandishe mushahara.” Akacheka.

Saa mbili na nusu risasi zililia sokoni. Mama Furaha aliwatoa wagonjwa kwa mlango wa nyuma.

Waliingia watano wenye bunduki.

“Fungula orodha.”

Niliandika maneno yangu sita. Kompyuta ikakataa.

“Unatuchezea, Mutanzania?”

“Nusu ninayo. Nusu sina.”

Walinivunja vidole viwili.

Watu huniita jasiri. Ningewapa yote, sikuwa nayo.

Mkubwa wao aliichomoa diski akaitupa sakafuni, wakaondoka na kompyuta.

Saa tano Mama Furaha alipigwa risasi kivukoni, akafa.

Hakuna hata mmoja wa waliokuwa kwenye orodha aliyefuatwa kijijini.

Mwaka jana mama mmoja alisafiri na malori ya shaba hadi dukani kwangu Tunduma, nilikorudi na diski ile.

“Papa, mutoto wangu alizikwa kaburi gani?”

“Yumo humu, mama.”

“Basi fungula.”

Nilimweleza habari ya maneno sita. Aliishika diski kwa mikono miwili kwa muda mrefu, akanirudishia.

Kule Iyula, mchungaji alitunza funguo za akiba za makufuli yote mawili. Nililijua hilo tangu utotoni, na sikuliiga. Bahasha moja iliyofungwa, yenye maneno yote kumi na mawili, hapa Tunduma kwa mke wangu, ingetosha.

Diski niliinunua shilingi laki moja na elfu kumi na tano. Ndiyo hasara pekee ninayoweza kuihesabu.