Mwito wa Bakuli Tupu

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Ilikuwa kwetu Lusewa, mimi bado msichana wa kushinda kinuni, na nyumba nzima ilikuwa inangoja wageni kutoka Tunduru. Kaka yangu Rashidi alikuwa amepeleka posa, na siku hiyo mjomba wa binti alikuwa anakuja kutamka neno la mwisho. Kwa Wayao mjomba ndiye mwenye mpwa wake. Baba wa binti anaweza kusema ndiyo mpaka koo limkauke; mjomba akitikisa kichwa, habari imekwisha. Kwa hiyo tangu alfajiri hakuna aliyekaa.

Nakusimulia haya kwa sababu ya wale kuku ulioniletea hapa Matogoro. Uliwatoa kwenye banda lako la Ruhuwiko, ukaniambia hawa si wale wa kisasa wanaobanana gizani hadi miguu inashindwa kuwabeba. Hawa wametembea juani, wamechakura, wamelelewa kwa huruma, na watumishi wa serikali wanawagombania. Kisha ukasema, "Bibi, kuku huyu mtu anamla bila dhambi." Niliwapika na nazi, na sitaki kukudanganya, walikuwa watamu. Lakini lile neno lako "bila dhambi" lilinikwama kooni kuliko mfupa.

Turudi Lusewa. Mbuzi wa kuchinjwa alikuwa beberu mwekundu wa bibi yangu, mama mzaa baba. Alimfuga tangu mama yake alipomkataa, akamkuza kwa mkono. Hakumpa jina. Alisema jina anapewa mtu utakayemzika. Ila kila jioni alichukua bakuli la bati, akatia pumba na chumvi kidogo, akaligonga ubavuni kwa mwiko, na beberu alikuja mbio kutoka popote alipo, majike nyuma yake. Sauti ile tuliijua sote kama tunavyojua adhana. Hata sisi wajukuu ilikuwa ikituambia kwamba jua limekwisha, rudini nyumbani.

Basi siku ile wageni wakafika kabla ya wakati. Bibi alikuwa ameshuka mtoni. Mchinjaji amekuja, kisu kimenolewa, maji yanachemka, na beberu hayupo. Kaenda zake kwenye mihogo ya watu. Rashidi akamtafuta, akamwita, akarusha mawe, wapi. Jasho lilikuwa linamtoka, maana wakwe wako barazani wanamtazama mwanamume anayeshindwa na mbuzi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia hivyo kijana anayeoa? Akaingia jikoni, akachukua lile bakuli la bati, akatoka nalo uani, akaligonga.

Beberu akaja. Alikuja mbio, masikio yanapepea, akatumbukiza mdomo ndani ya bakuli. Lilikuwa tupu. Aliinua kichwa akamtazama Rashidi, akarudisha mdomo tena, kana kwamba amekosea yeye kutazama. Hapo ndipo walipomkamata miguu. Mchinjaji alimlaza, akamtaja Mwenyezi Mungu, na kisu hakikurudia. Majike walikuwa wamesimama pale pale, wameona yote.

Bibi alikuwa anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Aliniambia baadaye kwamba alipoisikia sauti alijiuliza nani anamlisha mnyama wake mchana. Alipofika, ngozi ilikuwa imeshatolewa. Alitua ndoo, akaliokota bakuli lililotupwa chini, akaliosha, akalirudisha mahali pake. Hakusema neno. Mimi nilijua mvua inakuja, maana bibi yangu akigomba kulikuwa na nafuu. Akinyamaza, tafuta pa kujificha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wali ukapakuliwa, nyama ikapakuliwa, mchuzi unanukia mpaka barabarani. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa kwamba mzee wa nyumba anaonja kwanza, ndipo mgeni anyooshe mkono, ili mgeni ajue chakula kina amani. Bibi akaitwa. Akaketi, akanawa, akasema bismillahi, akala wali na mchicha. Nyama akaizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi.

Mjomba wa binti, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, akarudisha mkono wake. Baba yangu akacheka cheko la aibu, akamsihi mama yake aonje. Bibi akala mchicha. Rashidi alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawia. Kila mtu pale alielewa kwamba ndoa yake iko ndani ya ile sahani. Mjomba akauliza kwa upole kama nyama ina neno.

Bibi akamjibu: "Nyama haina neno, baba. Kisu kilikuwa halali. Mwito ndio haukuwa halali. Mnyama huyu aliliamini bakuli langu maisha yake yote, na leo limemwita likiwa tupu. Mngenisubiri, ningemfuata mwenyewe nikamshika shingo, naye angejua kwamba leo ni siku nyingine. Siachi kula kwa kuwa amechinjwa. Naacha kwa kuwa amedanganywa."

Mjomba akageuka, akamtazama Rashidi, akamuuliza kama ni yeye aliyegonga. Kaka yangu angeweza kusingizia watoto, tulikuwa wengi. Akasema ni yeye. Mjomba akatikisa kichwa taratibu, nami nikajua yamekwisha. Kisha mzee yule akachukua kipande cha nyama, akala, akasema kumwacha mbuzi huyu aoze sasa ni kumkosea mara ya pili. Akala mpaka akatosheka, akanawa, akatoa neno lake.

"Mpwa wangu naye ataitwa aje kwenye nyumba hii," alisema, "naye atakuja kwa kuamini. Siku mbuzi wenu watakapokuja tena kwa mwito wa kijana huyu, nitumieni habari."

Wakaondoka. Baba alikasirika, akasema ni mara ya kwanza kusikia mahari ya kutaka kibali cha mbuzi. Majirani walicheka mwezi mzima. Lakini jioni ile Rashidi alipotia pumba za kweli na kugonga bakuli, majike wale walisimama mbali, wakamtazama, hawakuja. Kesho yake hawakuja. Walikuja kwa bibi tu, tena kwa mashaka, shingo mbele na miguu nyuma. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, ila ya kuirudia ni ndefu ajabu.

Mimi, mdomo wangu haukuwa na mlango, nikamwendea bibi jikoni nikamuuliza swali nililodhani ni la akili. Nilimwambia: Bibi, unamsema Rashidi kwa bakuli tupu la siku moja, je, pumba zako zote za miaka hazikuwa za kumnenepesha? Na wewe si ulikuwa unamwita kwenye kisu, ila polepole tu?

Nilitegemea kofi. Bibi alikaa na lile swali mpaka moto ukafifia, ndipo akasema, "Ndiyo. Ndiyo maana sili nyama kila siku."

Nimezaa, nimezika, nimesikiliza mawaidha ya mashehe na ya walimu, lakini sijapata jibu lililonikemea kuliko lile. Hakujitetea. Hakusema mbuzi ameumbwa kwa ajili yetu, ingawa aliamini hivyo. Alikubali kwamba hata mkono mwema una deni, na njia pekee aliyoijua ya kuliheshimu deni ni kula mara chache.

Mvua zilikuja, mvua zikaisha. Rashidi aliacha kugonga bakuli, akaanza kuwakatia mbuzi majani na kuketi nao malishoni kama mzazi anayembembeleza mtoto aliyenuna. Jioni moja alijaribu tena. Jike mkubwa akaja, akanusa bakuli, akala, na wengine wakafuata. Kaka yangu akaketi chini palepale kwenye mavi ya mbuzi, akacheka mpaka akalia. Habari ikapelekwa Tunduru. Siku ya harusi alimfuata mwenyewe mbuzi wa karamu hadi malishoni, akamshika shingo, akamnywesha maji, akatembea naye pole pole. Bibi alikula nyama ile. Kipande kidogo, lakini alikula, na Rashidi alimtazama akitafuna mpaka akameza.

Wote wawili wamelala Lusewa sasa, na mke wa Rashidi pembeni yake. Natamani kuwaona, mwanangu. Uzee una njaa yake, wala haishibishwi na chakula. Hapa mjini nyama imekuwa nyingi, kila kona moshi wa mishikaki, na mimi natamani ile nyama ya kungojewa, iliyokuja na wageni na ikaondoka nao, ambayo kila aliyeila alimjua aliyekufa kwa ajili yake. Saa nyingine, jua likizama nyuma ya milima hii ya Matogoro, najikuta nimenyamaza nikisikiliza. Hakuna anayegonga chochote. Natamani bibi anigombeze hata mara moja tu.

Sasa nisikilize. Endelea na kuku wako wa juani. Umefanya vema kuliko wengi, na mnyama aliyeliona jua ameliona, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini usiwaambie watu kwamba huruma yako imefuta kitu. Chema chajiuza, hakihitaji kuapiwa. Ukishaanza kuwauzia watumishi wale usingizi mtamu pamoja na kuku, utawafanya wale mara tatu pale ambapo wangekula mara moja, kisha banda litakuwa dogo, na kuku watabanana, na neno huruma litabaki limeandikwa mlangoni. Mwambie mnunuzi ukweli: huyu aliishi vizuri, na amekufa kwa ajili yako. Atakayeshindwa kusikia hivyo, mwache ale maharage, hayana ubaya. Mnyama wako ukimhitaji, mfuate wewe. Na kabla hujala, kaa kidogo na lile swali nililomuuliza bibi, maana mimi nimezeeka nalo na bado halijanitoka.

Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyokufanya mwongo. Akupe mkono ambao kiumbe dhaifu akiukimbilia hatajuta kuukimbilia. Akujaalie shibe ndogo yenye shukrani, na akuepushe na shibe kubwa inayosahau. Na siku utakapopungukiwa kitu mezani kwa kuwa ulikataa kudanganya, bibi yangu na akuone kutoka huko aliko, na aone kwamba umekula vizuri.