Jabiri, Daktari wa Sauti

"Redio ya gari ikinishinda, nitakaa siti ya nyuma niimbe mwenyewe mpaka mwenye gari afike anakokwenda!"

Jabiri aliyasema hayo mwaka jana kwenye harusi ya mdogo wake kule Gwata, kipaza sauti mkononi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Ndivyo alivyo. Ufundi alijifunza kwa kufungua redio ya baba yake, ambayo mpaka leo inashika stesheni moja, na stesheni yenyewe ni mvumo. Kisha akahamia Pangani, Kibaha, akajenga kibanda na kuandika ukutani DAKTARI WA SAUTI. Wagonjwa wake wengi huondoka mabubu.

Jumamosi moja asubuhi Bi Ashura alimletea Noah yake, gari lililotoka Japani. Alikuwa ameinunua kwa ajili ya kubeba maharusi, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza: kumpeleka bibi harusi Kurui, kuondoka saa nane kamili mchana huohuo. Shangazi wa bibi harusi, Bi Fadhila, alikuwa na MP3 yake ndogo yenye kaswida za ukoo. Alishaapa kwamba gari likienda kimya, Kibaha nzima itajua.

"Mwanangu, niunganishie tu kidude hiki na redio yake hiyohiyo," alisema Bi Ashura, akimpa ile MP3.

"Mama, nenda kanywe chai."

Jabiri akang'oa dashibodi. Akakata waya mbili, akazitazama kama zimemtukana. Akachomoa betri. Alipoirudisha, redio ikaongea Kijapani kwa sauti ya mwanamke.

"Inasema karibu," Jabiri akatafsiri.

"Karibu gani ya kufoka hivyo?" akauliza Bi Ashura, ambaye chai hakuifuata.

Kumbe redio ilikuwa inadai namba ya siri. Redio za aina ile zikikosa umeme hujifunga. Mimi ninayesimulia, stashahada yangu ya umeme iliishia katikati, lakini hilo nalijua hata mimi. Daktari akaingiza mwaka wake wa kuzaliwa. Akaingiza wa mkewe. Jaribio la kumi, redio ikazimika moja kwa moja.

Saa nane kasoro robo, bibi harusi na shangazi yake wakiwa wameshapanda, Bi Ashura akamfungulia Jabiri mlango wa gari.

"Panda siti ya nyuma kabisa."

"Mama, si nilikuwa natania?"

"Gwata nilikuwepo, Jabiri. Pilau lenu nilikula na masikio nilikuwa nayo. Panda!"

Bi Fadhila, aliyekaa mbele, akageuka. "Kaswida unazijua?"

"Moja."

"Basi hiyohiyo."

Kaswida moja, kutoka Pangani mpaka Kurui, zaidi ya saa mbili. Kisarawe mjini sauti ilimkauka. "Endelea, fundi," akasema Bi Fadhila. "Au na wewe umechomolewa betri?" Bibi harusi alilia njia nzima, na wala hakuwa analilia kwao.

Walipofika, wakwe wakauliza anayebweka nyuma ni ndugu wa nani. Kila mtu akamkana.

Bi Fadhila akafungua droo ya mbele kutafuta tishu za kumfutia bibi harusi machozi. Ndani, pembeni, kulikuwa na tundu dogo la kiwandani, jipya kabisa, limeandikwa AUX, la kuchomekea waya wa muziki.

"Daktari," akaita Bi Ashura, "na hili tundu ni la nini?"

Jabiri akafungua mdomo. Sauti ilikuwa imeishia njiani.

Waya wa kuunganisha MP3 hapo unauzwa Maili Moja, hapohapo Kibaha, shilingi elfu tatu.