Siku Nilipowafunga Wavuvi Wote wa Rumonge

Nililelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na tuliporejea kwetu Rumonge, Burundi, mali niliyorudi nayo ilikuwa moja tu: Kiswahili. Nilikiringia, sikatai. Walimu wenzangu wakisema "mutoto iko wapi", mimi ninawasahihisha, tena bila kuombwa. Basi wageni kutoka nchi jirani walipokuja kuzungumza na wavuvi wetu, watu wa komine, yaani serikali ya mtaa, wakanituma mimi nikatangaze ufukweni.

Habari yenyewe ilikuwa nzito. Dunia inazidi kuwa na joto na maji ya ziwa nayo vilevile, samaki wanapungua, na nchi nne zinazogawana Ziwa Tanganyika zilitaka kulipumzisha kwa muda ili ndagala, dagaa wetu, wazaliane. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zote kwa pamoja. Rumonge ilitakiwa kutoa mtu wa kuisemea. Tusipomtoa, mambo yangepangwa bila sisi.

Nikashika kipaza sauti. "Ndugu wavuvi, ziwa litafungwa! Hapa na ng'ambo, wavuvi wote watafunga siku moja! Njooni kesho saa nne mwonane na wageni!" Nikarudi nyumbani nimejaa sifa.

Kesho yake saa nne ufuko ulikuwa mtupu. Mitumbwi haipo, wenyewe hawapo. Wageni wameketi kwenye viti vya plastiki wakinitazama, nami sina pa kuuficha uso.

Akatokea mtu mmoja tu, jirani yangu, bibi wa Kiislamu anayeanika ndagala mchangani na kuwauza tangu ujana wake. Kichwani alibeba sufuria ya wali iliyofunikwa.

"Amahoro, mwarimu," alisema. "Nimeleta chakula ya bafungwa."

"Wafungwa gani, bibi?"

"Si weye ulisema bavuvi bote batafungwa? Batoto yangu bamekimbilia Gatete."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Kirundi, ukisema gufunga, watu wanasikia jela. Mdomo uliponza kichwa! Mgeni mmoja, mama wa Kikongo anayeuza samaki ng'ambo, alicheka mpaka akashikilia kiti. Alipomaliza kufuta machozi akamwambia bibi kwamba hakuna jela, ni kuacha kuvua kwa muda tu.

"Aa!" bibi akasema. "Ni kufunga ya Ramazani!"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikaufumba, labda kwa mara ya kwanza tangu nitoke kambini.

Bibi akatua sufuria, akakaa. Sasa uso wake haukuwa na mzaha. "Kufunga najua tangu mutoto, njaa siogopi. Naogopa kufunga peke yangu. Miye nikifunga, na ng'ambo bakikula, samaki itaisha na nyumba yangu itaisha. Nitakuwa nimejitesa bure."

Mama wa Kikongo akaacha kutabasamu. "Mama, na sisi njo tunaogopaka ivyo ivyo. Tunasema, Barundi batatukulia samaki yetu."

Wakatazamana. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya ushirikiano wa mataifa, kurasa tatu. Niliiacha mfukoni. Wale wawili walipeana namba za simu, tukala wote ule wali wa wafungwa, kisha bibi akapanda pikipiki kwenda Gatete kuwatoa wanawe mafichoni. Alasiri ufuko ulijaa, na wavuvi, baada ya kunicheka walivyotaka, wakamchagua yeye awe msemaji wao.

Siku ya kwanza ya mapumziko ya ziwa nilipita kwake asubuhi. Mchanga ulikuwa mweupe, hakuna hata ndagala mmoja. Alishika simu kwa mikono miwili, akimtazama yule mama wa Kikongo kwenye video, uso umekunjamana kwa wasiwasi.

"Umefunga?" aliuliza.

"Nimefunga, mama. Na weye?" sauti ya ng'ambo ikajibu.

Bibi akaigeuza simu, akauonyesha mchanga wake mtupu, taratibu, kona hadi kona. Kisha akairudisha machoni. Nilichungulia begani mwake. Ng'ambo nako mchanga ulikuwa mtupu, na wanawake wameketi juu yake, mikono mapajani. Mmoja alitupungia.

"Mwarimu," bibi akaniambia, "bamefunga kweli."

Nilimsikia akilisema hilo kwa sauti ileile anayopokelea mtumbwi uliojaa, nami machozi yakanitoka.