Vifungo Vyeupe Kumi na Vinne

Katika shule ile walimu hawakuitwa kwa majina, waliitwa kwa masomo. Jiografia, unatafutwa na Mkuu. Historia, acha kumaliza sukari. Hata wazazi walipoleta malalamiko yao waliuliza Hesabu yuko wapi, kama vile Hesabu ana miguu na koti. Basi na yeye, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, akawa Ushonaji. Alikuwa Ushonaji kwa miaka ishirini na miwili. Mume alikuja na akaondoka, binti akakua akaolewa mbali, dada zake wakawa watu wa simu ya sikukuu, lakini jina lile halikumhama. Nyumbani, katika vyumba vyake viwili nyuma ya fundi viatu, hapakuwa na mtu wa kumwita chochote.

Si kwamba alikuwa mtu wa kulialia. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na kazi aliijua. Tena alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna mwalimu aliyeitaka hata kwa kubembelezwa: kupanga ratiba. Kupanga ratiba ya madarasa saba ni kama kulaza ndugu kumi kitanda kimoja, ukimvutia huyu shuka, yule anaanguka. Wenzake walijaribu kwa penseli na raba mpaka wakatoboa karatasi. Yeye alichukua kitambaa kigumu, akakitarizi mistari, siku upande huu, vipindi upande ule, na kila somo akalipa rangi yake ya kifungo. Hesabu vyekundu, Kiswahili kijani, Sayansi bluu. Somo lake la Ushonaji alilipatia vifungo vyeupe vya shati, kumi na vinne, viwili kwa kila darasa. Vipindi vikigongana, anakata uzi, anahamisha kifungo, anashona tena. Vikikaa sawa, anavisoma kimoja kimoja na kuandika kwenye karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Wenzake walimtania kwamba hata jela haina vifungo vingi kama yeye. Aliwajibu kwamba jela akipewa ataipangia ratiba vizuri tu, na wao watakuwa kipindi cha kwanza.

Likizo ya mwisho wa mwaka ukaja waraka. Shule zote zijipange upya kwa masomo ya kitaaluma, yale yenye mtihani. Yasiyo na mtihani yachopekwe ndani ya hayo. Hesabu ipande kutoka vipindi vitano kwa wiki hadi saba. Vipimo vya nguo viende Hesabu, pamba na nyuzi ziende Sayansi, usafi wa mavazi uende Uraia. Walimkata vipande kama gora la kitambaa, na hata kupima hawakupima.

Mkuu wa shule, mtu mpole anayekimbia ugomvi kama paka anavyokimbia maji, alimwita ofisini. Akamweleza kwamba atapewa Uraia wa madarasa ya chini, na kwamba ratiba mpya haina wa kuipanga ila yeye.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwalimu," alimfariji.

"Koleo ni zima, Mkuu. Anayeondolewa ni mhunzi."

Mkuu akacheka, kisha akaona hapakuwa na cha kuchekea, akafungua droo na kutafuta kitu ambacho hakuwa amekipoteza.

Jumapili binti yake alipiga simu. Alisikiliza habari yote akasema si vizuri, mama atachoka kidogo zaidi ya zamani, lakini mshahara si ni ule ule? Ulikuwa ule ule. Mama alitaka kumwambia kwamba si mshahara. Alitaka kusema kwamba duniani amebaki na jina moja ambalo watu hulitamka kila siku, na sasa wanalichukua. Lakini upande wa pili mtoto alianza kulia, binti akasema, nitakupigia mama. Hakupiga.

Mama akakaa mezani mchana kweupe na kitambaa cha ratiba na mkasi mdogo. Alianza na vyake, vile vyeupe, akavikata nyuzi na kuviweka kwenye kisosi. Kisha akapanga wengine. Hesabu ilipotaka vipindi vyake vya ziada, viwili kwa kila darasa, vifungo vyekundu vikamwishia. Vilipungua kumi na vinne. Na pale kwenye kisosi, vimetulia kama mayai, vilikuwa kumi na vinne.

Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akashona vyeupe mahali pa vyekundu. Mwaka huu nyeupe ni Hesabu, alijiambia, na akarudia mara tatu, kama mtu anayejifunza jina la mkwe mpya. Vingi viliangukia mahali pageni. Kimoja tu, cha darasa la sita, Jumatano kipindi cha tatu, kilirudi kwenye matundu yake ya zamani.

Shule ikafunguliwa. Chumba cha walimu kilikuwa na meza ya Sayansi, meza ya Lugha, meza ya Hesabu na meza ya Maarifa, kila meza na chupa yake ya chai. Meza ndogo ya Ushonaji iliyokuwa dirishani ilikaliwa na mashine ya fotokopi. Watu wa Maarifa walimwambia avute kiti, Uraia ni wa kwao. Alivuta siku mbili, akakaa pembeni na magoti yake nje kama mgeni wa msiba. Siku ya tatu, Jumatano, alisema atafanyia kazi zake kule chumba cha cherehani. Hakuna aliyemwambia usiende.

Alikuwa amekaa katikati ya cherehani zilizofunikwa mashuka, anakunja vitambaa vya kupeleka stoo, mlango ukagongwa. Darasa la sita lote lilikuwa nje, limepanga mstari.

"Mmepotea?"

"Hapana mwalimu. Ratiba imesema Ushonaji," alijibu kiranja, msichana mrefu mwenye soksi safi.

Alikwenda mwenyewe ukutani kusoma. Jumatano, kipindi cha tatu. Ushonaji. Mwandiko wake, wa kujiamini kabisa. Mkono ulikuta kifungo cheupe mahali ulipokizoea, ukaandika ulichokizoea, na macho yakapita juu yake yasione kitu.

Alipaswa kuwarudisha. Badala yake miguu ilimrudisha yeye chumbani, akawaingiza wote, akafunga mlango, akavua mashuka kwenye cherehani na kugawa vitambaa na sindano. Uso wake ulikuwa umepata moto. Akaanza kueleza mshono wa kwanza kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mwaka jana.

Kiranja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Hili somo lina mtihani?"

"Halina."

"Asante mwalimu."

Akaiweka sindano vizuri pembeni, akatoa daftari la Hesabu. Mwenzake akatoa lake. Halafu mstari mzima. Hawakufanya utundu, na afadhali wangefanya, utundu unapigwa ukelele ukaisha. Walinong'onezana majibu polepole wasimsumbue.

Hesabu alitokea mlangoni na chaki mkononi. Alikuwa kijana nadhifu, ndiyo kwanza amegundua kwamba darasa la sita limempunja kipindi.

"Mama, umejikatia kwenye kitambaa changu?"

"Ni kosa la mkono."

"Mkono nao unajua unapotaka kwenda."

Jibu la kumkata alikuwa nalo, lakini macho yalikuwa kwenye madaftari. "Wachukue," alisema. "Somo lako wameshalianza bila wewe."

Chumba cha walimu kizima kiliamini alijipa kipindi kwa makusudi, wengine wakaona hata ana haki. Hakuna aliyemuuliza. Mkuu alimwomba tu arekebishe, akarekebisha, neno moja kwa kalamu.

Jumamosi alikwenda dukani kununua rangi ya kucha, nyekundu, ili mkono usikosee tena. Hakuwahi kupaka rangi ya kucha maishani mwake.

"Eh, mama, harusi ya nani?" muuza duka akamtania.

"Ya Hesabu."

"Mpe hongera zetu."

Alivipaka vile vifungo vyeupe bila kuvifumua, kimoja kimoja, vyote kumi na vinne, na kidole chake cha shahada kikabaki chekundu hata baada ya sabuni.

Jumatatu alivuta kiti chake hadi meza ya Maarifa, akakaa, akaanza kufuta miwani. Hesabu hakuwa mtu mbaya. Alijaza kikombe kutoka kwenye chupa ya meza yake mwenyewe, akakishika hewani.

"Uraia, chai hii hapa."

Yeye aliendelea kufuta miwani.

"Uraia!"

Akainua kichwa, akageuka kuangalia mlangoni, aone ni nani aliyeingia.