Salamu Ndani ya Kaseti

Nilimchukia mwalimu wetu wa Kiingereza kwa sababu alitupenda wote kwa mkupuo. Alikuwa Mzungu kijana, mwenye ndevu chache na macho yaliyolengwalengwa na machozi kila mara, na aliamini kwamba chuki za darasa letu zingeyeyuka tukisikilizana tu. Shuleni kwetu Kensington kulikuwa na Wazulu, Wasotho, Wareno, Wahindi wa kutoka mtaa wa Mayfair, na nyuma kabisa, chini ya dirisha lililopasuka, mvulana wa Kikongomani ambaye hakuna aliyetaka kukaa naye.

Mwalimu akaleta redio ya kaseti, kubwa, nyeusi, yenye spika mbili. Kila wiki mmoja wetu aliibeba kwenda nayo kwao, mzazi akarekodi hadithi kwa lugha ya nyumbani, kisha tukaisikiliza darasani na mtoto wake akatufasiria. Lugha zenu ni hazina, alituambia. Si yeye aliyevamiwa chooni kwa ajili ya hazina hiyo; ni yule Mkongomani.

Mimi nilikuwa na la kupoteza. Baba yangu ni mwenyeji wa nchi hii. Alikimbilia Tanzania wakati wa mapambano ya ukombozi, akamwoa mama Morogoro, na nchi ilipofunguka akarudi nasi. Jina lake lilikuwa ngao yangu. Kizulu nilikuwa nimekifanyia kazi mpaka kikanikaa kinywani kama meno yangu mwenyewe, na darasani ilijulikana kwamba mama ni Mzulu wa Ladysmith. Msichana niliyekaa naye dawati moja, rafiki yangu wa pekee, ndiye aliyeongoza kicheko kila Mkongomani yule alipofungua mdomo. Alimwita kwerekwere, kama wote walivyowaita wageni, na mimi nilitazama daftari langu. Kama angejua mama alizaliwa wapi, dawati hilo lingebaki na mtu mmoja.

Zamu yangu ilipofika, nilimwomba mama azungumze Kiingereza.

"Kiingereza changu ni cha kuuzia nyanya," akasema. "Simwamkii mwalimu wa watu kwa Kiingereza cha nyanya."

Akanitoa jikoni, akafunga mlango. Siku hiyo kulikuwa na mechi, na mtaa wetu wote wa Bertrams ulikuwa ukinguruma kutoka uwanjani. Katikati ya ngurumo hizo nilisikia sauti yake ikipanda, ikinyamaza kitambo kirefu, ikapanda tena. Niliomba mashine iwe imeharibika.

Haikuharibika. Mwalimu alibonyeza kitufe, na mama akaingia darasani akiwa na adabu zake zote.

"Mwalimu, habari za asubuhi?"

Kisha kimya. Mkanda ulizunguka, ukakoroma, na hakuna aliyesema kitu. Hapo ndipo nilipoelewa alichokifanya jikoni. Alikuwa amemwachia mwalimu nafasi ya kujibu. Kwa mama, kuingia kwa mtu na hadithi mdomoni kabla ya salamu ni sawa na kuingia na tope, na kusalimu bila kungoja jibu ni matusi.

"Nyumbani kwako hawajambo?"

Kimya tena. Mwalimu akakunja uso, akadhani mkanda umekwama, akausukuma mbele. Sauti ya mama ikageuka mlio wa kifaranga kilichokanyagwa. Darasa likalipuka.

"Eish, mama yako ni katuni," rafiki yangu akasema. Halafu kicheko kikamtoka usoni polepole. "Hicho si Kizulu."

Nilitazama daftari langu. Mwalimu alikuwa ameachia kitufe, na mama alikuwa akiendelea, mtulivu, hajui lililompata. "Na hao wanafunzi wako, hawajambo?"

Kutoka chini ya dirisha Mkongomani akasema, "Hatujambo, mama."

Nilidhani nilikuwa nimeshajua hasira. Sikuwa nimeijua. Mtu mwingine alikuwa amemjibu mama yangu, vizuri, kwa heshima, huku mimi nimekaa kama gogo. Nilisimama, nikaenda mbele. Kidole cha mwalimu kilikuwa kinarudi kwenye kitufe. Nikaushika mkono wake na kuutupa pembeni.

"Na wewe mwanangu," mama akasema, "umo humo?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa likinitazama mdomo.

"Nimo, mama. Shikamoo."

"Marahaba," mkanda ukajibu, palepale, bila kuchelewa wala kuwahi, kwa sababu alijua urefu wa shikamoo yangu kama anavyojua urefu wa mguu wangu. Kisha akaanza hadithi yake.

Mwalimu alipiga makofi. Machozi yalikuwa yamemjaa. Mnaona, alisema, mnaona mashine inavyoweza? Akataka nirudie wiki ijayo, mbele ya wageni wa wilaya, nisimame vilevile na nijibu vilevile. Nikaitoa kaseti, nikaitia mfukoni. Akasema atanipunguzia alama. Nikamwambia apunguze. Niliporudi dawatini, rafiki yangu alikuwa ameshahamisha kiti chake, na kwa muhula mzima wasichana waliniita kupitia mlango wa choo, "Umo humo?"

Jioni ile mama aliuliza swali moja tu: mwalimu alijibu nini? Nikamwambia hakujibu kitu.

Siku ya wazazi tulipanga foleni ukumbini. Rafiki yangu wa zamani alikuwa nyuma yetu na mama yake. Tulipofika mezani, mwalimu aliruka kitini, akanyoosha mikono yote miwili.

"Jambo!" akasema, ameng'aa uso mzima.

Mama hakuipokea mikono ile. Alimtazama kuanzia ndevu mpaka viatu, akanigeukia.

"Mwambie nilimwamkia mimi kwanza, mwezi uliopita. Bado namngoja."

Nilimfasiria, neno kwa neno, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni.