Daraja la Kamba la Makeya

Mtu asiniambie askari wanajua kusikiliza. Mimi niliolewa na mmoja, na wengine wanne nikawapikia uji mwezi mzima.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, upande wa Bahati. Makeya ndivyo tulivyowaita wanaume wetu waliopelekwa na mkoloni kupigana vita vya pili vya dunia huko Bama, wakarudi na makoti mazito na Kiswahili cha amri tupu. Miaka kadhaa walikaa wakisimulia vita tu. Halafu msimu mmoja wa mvua ndefu mto ulifurika, nikashindwa kuvuka kwenda zahanati, na mtoto wangu wa kwanza akafia mikononi mwangu pale ukingoni, paa la zahanati nikiliona ng'ambo. Nilipopata mimba ya pili, mume wangu, ambaye jeshini alikuwa mpishi, alienda kwa sajini wake wa zamani, wakaita wenzao, wakaanza kujenga daraja.

Wao hawakuiita kazi. Waliiita fatiki, kama jeshini. Saa moja asubuhi sajini anapuliza kipenga, na kijiji kizima kinajipanga mstari, hata vikongwe wasioweza kubeba sufuria. Nguzo zilikuwa za mtarakwa, kamba za mkonge, na daraja lenyewe la kuning'inia, kama yale waliyoyavuka Bama. Tumbo langu lilikua haraka kuliko daraja lao, na sajini alikuwa akilitazama kwa jicho baya.

"Wewe mama, hapana zaa sasa," aliniamuru. "Zaa Jumamosi. Ijumaa sisi namaliza."

Nikamjibu kwamba tumbo langu halikuandikishwa jeshini.

Alhamisi mchana uchungu ukanishika. Mto ulikuwa umejaa, na daraja lilikuwa na mbao za kukanyaga lakini kamba za kushikilia pembeni hazijafungwa. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Wanaume wanne walinilaza kwenye machela ya magunia, mume wangu na mwenzake aliyekuwa dereva wa lori jeshini wakashika mbele, ndugu wawili majirani, nao Makeya, wakashika nyuma. Sajini akatangulia.

Shida ni kwamba watu hawa hawakujua tena kutembea ovyo. Lefti, raiti, lefti, raiti, miguu minne inatua pamoja, na kila ikitua daraja linaruka. Nikaanza kurushwa kama mahindi kwenye ungo. Sajini akageuka, akaona, akapiga kelele ile amri ambayo askari hupewa darajani ili waache kwenda sawa:

"Breki stepu!"

Dereva akasikia breki. Akasimama ghafla! Wa nyuma wakasukumana, machela yakapinda, na mguu wangu mmoja ukaning'inia juu ya maji.

Niliogopa. Niliogopa hadi uchungu wenyewe nikausahau, kwa maana niliuona msimu ule mwingine unarudi. Halafu nikashikwa na hasira.

"Nyinyi!" nikapaza sauti. "Tembeeni vile mnatembeanga mkitoka kilabu!"

Hapo wakaelewa. Mmoja akayumba huku, mwingine kule, kila mguu na njia yake, na daraja likatulia. Tulivuka mto mchana kweupe, walevi wanne wasioonja hata tone, na mimi juu yao nikiwatukana wote pamoja na mama zao.

Mtoto wa kike alizaliwa nesi akiwa bado ananawa mikono. Mume wangu akakaa sakafuni, akalia bila kujificha. Sajini aliingia bila kubisha, akasimama wima kando ya kitanda. Nilijua ataanza habari ya Jumamosi. Lakini alivua kofia, akamwinamia mtoto.

"Ile mtoto ya kwanza nabaki ng'ambo," akasema.

"Huyu amevuka," nikamwambia.